Kisima Namba 27

Tarehe 8, mwezi wa tisa

Mvua ya kwanza ilinyesha leo. Kubwa. Nilingoja bibi yangu Sifa, mama ya watoto wangu, aende sokoni, nikakaa chini na hii kaye mupya. Niliinunua juu ya kuandika mambo ambayo mudomo yangu inakataa.

Jina yangu ni Ayoubu. Nilizaliwa Kasongo, niko naishi hapa Kabambare tangu nilioa. Niko na miaka makumi tano na mbili. Nilisoma mpaka mwaka wa ine wa sekondari, nikaacha. Sikuiba, sikupiga mutu. Zambi yangu iko ingine: nilijua kitu, nikanyamaza.

Imepita miaka mitatu sasa. Muradi moja ilikuya mwezi wa munane kupima maji ya visima. Huku kwetu kisima ni maji inayotoka yenyewe chini ya mulima; watu wanaweka bomba, wanachota. Mimi nilibeba chupa na kuonyesha njia. Visima makumi ine na moja. Kila moja tulipanda muti wenye rangi nyekundu na namba. Chupa zikaenda mbali, kwenye mashine, nyuma ya wiki tano majibu ikarudi. Makumi tatu na nane, maji muzuri. Tatu, mubaya. Mubaya kupita zote ni namba 27, Kyanga. Iko chini ya mahali wachimbaji wanasafisha zahabu na mercure, ile dawa yao ya kukamata zahabu.

Mukubwa wa muradi alinipa kopi moja ya majibu. Akasema: "Ayoubu, hii ni siri mpaka wakubwa waikubali. Tia sahihi hapa." Nikatia. Muradi ikafunga, gari ikaenda, wakubwa hawakurudi.

Karatasi iko mu sanduku ya chuma chini ya kitanda. Nilisema kwa Sifa tu: "Usichote Kyanga." Sikumwambia sababu. Kwa majirani sikusema kitu.

Na niandike hii pia. Nilikuwa natembea mu njia, naona wamama na bidon za maji kichwani, najisemea: hawa wote hawajue, mimi najua. Ilikuwa tamu.

Tarehe 10

Mvua. Hakuna kitu.

Ijumaa, tarehe 13

Nyuma ya sala tulikaa kwa duka ya Moussa kungoja mvua ipite. Wakaanza tena habari ya Mama wa Kyanga.

Yule Mama, ni mimi nilimubuni. Mwezi wa kumi wa ule mwaka niliona Heri, mutoto wa jirani yetu, anatoka Kyanga na bidon. Nikataka kumwambia aimwage. Lakini nilikuwa nimetia sahihi. Nikatafuta njia ya kusema bila kusema. Nikaingia mu hii hii duka ya Moussa, nikajifanya natetemeka: "Nimeona mwanamuke pale Kyanga. Nguo nyeupe. Miguu haigusi chini. Anakunywa, na maji haifanye sauti." Nilifikiri watu wataogopa, wataacha ile maji, na mimi nitakuwa nimewaokoa bila kuvunja neno yangu.

Waliogopa siku kumi na ine. Halafu Mwanvua, mujane wa kule juu, akapeleka kuku mweupe, akaosha mujukuu wake mwenye homa. Homa ikashuka. Basi, imekwisha. Mimi mutu wa hapa nilisahau kitu ambacho kila mutoto wa hapa anajua: penye muzimu watu hawakimbie, wanapeleka zawadi. Nilimuleta Mama ili waache maji. Wao wakaanza kuikunywa kama dawa. Sasa mupaka wachimbaji wa Salamabila wanatuma watu wa pikipiki wachukue chupa, wanajipakaa mbele ya kuingia mu mashimo.

Leo Moussa alisema:

"Bibi wa kaka yangu alimuona. Iko na shingo murefu."

"Murefu kama nini?"

"Kama hotuba ya shefu wetu."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Mimi sikumupa shingo.

Tarehe 19

Nilipita Kyanga. Sikupita pale tangu siku nyingi. Mvua iko inanyesha karibu wiki mbili, vyura wanapiga kelele kila mahali, mu mitaro, mu mashamba ya muchele, mupaka mu ndoo yetu. Pale Kyanga, hata mumoja. Nilisimama kusikiliza. Ilikuwa saa ine ya asubuhi, jua inawaka, na masikio yangu ikawa kama imejaa pamba.

Vitambaa vyeupe vimefungwa mu miti. Mayai. Manyoya ya kuku. Muti wetu wenye namba uko pale pale, wameupakaa unga.

Mwanvua alikuwa anafagia. Yeye ndiye mulinzi wa mahali sasa. Akaniangalia bila kusimamisha ufagio.

"Karibu, Baba Rachida. Umekawia."

"Nilikuwa napita tu, mama."

"Mama anauliza juu yako. Anasema anasikia baridi."

"Baridi ya mvua?"

"Hapana. Baridi ya chuma. Anasema ulimulaza mu chuma, ukafunga."

Nikageuka, nikaenda. Hakuna mutu anajua habari ya ile sanduku, hata Sifa anafikiri ni nguo za marehemu baba yangu.

Tarehe 20

Nimenunua kufuli ya pili. Sijue ni ya nini.

Tarehe 27

Mvua. Muhogo unaoza mu maji. Moussa anasema sasa Mama iko na mutoto mugongoni.

Tarehe 2, mwezi wa kumi

Rachida alikuya. Ni binti yetu wa kwanza, aliolewa na Abedi, fundi wa kushona, wanakaa ngambo ingine ya soko. Alishapoteza mimba mbili. Leo aliingia amefunga kitenge chini ya tumbo, sawa vile wamama wanafanya wakitaka watu waone. Sifa akapiga kigelegele.

"Miezi mitano, mama! Hizi zingine hazikufika tatu."

"Na unajisikiaje?"

"Vizuri. Mikono tu inanisisimuka kidogo, kama vidudu vinatembea. Munganga wa santre ya afya anasema ni kupungukiwa damu."

Alikuwa na bidon ndogo ya njano. Akamimina mu kikombe, akataka kukunywa. Sijue nilijua namna gani. Nikauliza:

"Hii maji ni ya wapi?"

"Ya Mama, baba. Kila siku, vikombe vitatu, tangu mwezi wa ine. Na ninaichemsha kabisa, usiogope."

Nikapiga kikombe. Nikapiga na bidon. Maji ikaenda mu udongo. Rachida aliangalia ile maji inavyoingia chini, akaanza kulia bila sauti.

"Baba, unamwaga mutoto wangu."

"Usiikunywe tena."

"Juu ya nini?"

Hapo ningesema. Mulango ulikuwa wazi. Nilifungua kinywa, na kitu kilichotoka ni hiki: "Ni shirki. Sisi ni Waislamu, hatuombe mizimu."

Akapangusa macho. Rachida haiko mupumbavu, hata siku moja hakuwa.

"Lakini, baba, wewe ndiye ulimuona wa kwanza. Ulitudanganya ile siku, ao unatudanganya leo?"

Nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda kulala. Saa sita ya muchana, nikalala kama mugonjwa.

Ijumaa, tarehe 4

Sikuenda musikitini.

Sifa alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mu kinu. Bila kuniangalia akasema:

"Baba Rachida. Kuna kitu ninahesabu tangu juzi. Ulinikataza Kyanga wakati tulikuwa tunavuna karanga. Ule mwanamuke wako ulimuona tukiisha kuvuna. Ulikuwa unaogopa nini mbele ya kumuona?"

Nilimwambia yote. Nikavuta sanduku, nikafungua kufuli mbili, nikamuonyesha karatasi. Hakuishika. Akaendelea kutwanga mupaka majani ikawa maji.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu mimi nachota kule mbali, ku namba kumi na ine, wamama wananicheka, wanasema Sifa iko na kiburi, maji ya wenzake inamunukia. Na mimi nilikuwa nakutetea. Nilikuwa nasema, bwana yangu ananihurumia."

"Nilikuhurumia."

"Ndiyo. Mimi tu. Heri anakula hapa kila siku ya sikukuu. Umeona namna anashika kijiko?"

Nimeona. Anashika kwa mikono miwili. Nilikuwa nageuza macho.

Tarehe 7

Tulienda kwa Rachida, mimi na Sifa. Nilisema mbele ya bwana yake. Nilidhani wataangua kilio. Abedi akanyoosha mukono kama muteja anataka kuona kitambaa.

"Baba mukwe, ile karatasi iko?"

Nikamupa. Akasoma kwa kidole, juu mupaka chini.

"Hapa hakuna neno Kyanga. Ni namba na namba. Hii 27 ni nani?"

"Ni Kyanga. Orodha ya majina iko mu kaye yangu ya zamani."

"Uliiandika na mukono yako."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wewe tu ndiye unajua 27 ni wapi."

Ni kweli. Nilikuwa sijaliona hivi. Hata mutu angeiiba ile karatasi, ingekuwa bubu bila mimi.

Tukaita munganga Zéphirin, infirmier wa santre. Akageuza karatasi, akatafuta muhuri mugongoni, hakuna.

"Muzee Ayoubu, sikukatae. Hii mambo ya mikono kusisimuka, niko nayo mu registre ya wagonjwa, watu kumi na moja, na wengi ni wa upande wa Kyanga. Lakini kesho nikisema na karatasi ya mutu mumoja, wataniuliza: tuangalie wapi na sisi? Nitawaonyesha wapi? Sanduku yako?"

Nikamugeukia Rachida. Nikamuomba aache ile maji mupaka nilete ushahidi. Akasema:

"Nitaacha siku makumi mbili. Siku ya makumi mbili na moja, mutoto akiacha kucheza tumboni, nitarudi kwa Mama, na wewe hutanikataza."

Tarehe 9

Nilipanda kule juu ya kanisa, mahali rezo ya simu inakamata. Nikapiga namba ya mukubwa wa muradi. Ikalia mara tisa. Ikakubali.

"Alo? Alo, shefu, ni Ayoubu wa Kabambare."

Hakuna mutu. Kulikuwa maji tu. Maji inatoka mu bomba, inaanguka mu bidon, sauti inapanda polepole sawa vile bidon inajaa. Nilingoja ijae. Haikujaa. Nikakata.

Siku moja imeenda mu zile makumi mbili. Ya pili pia.

Tarehe 12

Zéphirin ananiambia kule Kasongo kuna mwalimu wa jeografia, Laura, yeye na wenzake wanaandika visima, vilalo vya kuvukia mito, santre, yote, mu ramani ambayo haina mwenyewe. Mutu wa Kasongo anaiona, mutu wa Brazili anaiona, bule. Ninaenda kesho.

Tarehe 15, Kasongo

Siku mbili ya njia. Musafiri ndiye aliniendesha, kijana mwenye pikipiki na mudomo. Tulianguka mara tatu, kila mara akasema: "Tumeshuka kidogo, muzee, kusalimia udongo." Mahali mbili tulibeba pikipiki sisi wenyewe.

Soko ya Kasongo. Mwanamuke mumoja ameweka chupa ndogo kwa mustari, kila moja imefungwa uzi mweupe shingoni. Nikauliza ni nini. "Maji ya Mama wa Kyanga, baba. Ya wanaotafuta kuzaa." Nilizaliwa mitaa mbili kutoka pale. Mama yangu alikuwa ananituma ile soko. Na uongo yangu imefika mbele yangu, imekaa chini, inaningoja.

Tarehe 16

Laura haikufika miaka makumi tatu. Alinipokea mu chumba yenye panneau ya umeme ya jua na tableti mbili, zile simu kubwa. Alisoma karatasi kwa muda mrefu kuliko mutu yeyote.

"Papa Ayoubu, nani alikupa ruhusa ya kuonyesha hii?"

"Hakuna. Nilitia sahihi nisionyeshe."

"Na wale watu wa visima, walikubali maji yao ichukuliwe?"

"Walikubali. Walituonyesha njia. Walitupikia. Mahali pengine walituvusha mutoni mugongoni."

"Waliambiwa ni ya kufanya nini?"

"Kujua kama maji ni muzuri."

"Basi hii ni jibu ya swali yao," akasema. "Wewe ulichukua barua yao, ukaiweka mu sanduku yako."

Nikaangalia chini. Angekuwa binti yangu ningemwambia anyamaze. Angekuwa binti yangu angekuwa na haki zaidi.

Nilitaka aandike 27 tu, na zile mbili zingine mubaya. Akakataa. "Tukiandika tatu tu, watasema unawachukia wa Kyanga. Tutaandika zote makumi ine na moja, na tarehe mulipima, na chombo mulitumia, na yale hatujue. Tutaandika kama imepita miaka mitatu, yaweza imebadilika. Mutu mwingine akipima, atasahihisha."

Tukafanya kazi kutoka asubuhi. Mimi nasoma namba na jina, yeye anatia alama. Kumi na ine, maji muzuri. Kumi na tano, muzuri. Tulipofika makumi mbili na saba akasimama.

"Papa, hapa iko alama tayari."

Nikasogea. Pale pale, chini ya mulima, alama ya buluu, na maneno: *Mahali Mama anakunywa.*

"Watu wa hapa wamesikia uongo yangu," nikasema. "Wakaiandika."

"Inawezekana. Kila mutu anaweza kuandika. Hii ndiyo uzuri yake na shida yake. Ngoja tuone ni nani." Akafungua. Jina ya aliyeandika ni herufi tu, hazisomeke. Haikuandika kitu kingine hata kimoja mu dunia muzima. Halafu Laura akasoma tarehe.

Nikamuomba arudilie.

Ni mwezi wa tano, tarehe sita. Mwaka ni ule ule wa muradi. Mimi nilibuni Mama mwezi wa kumi. Tulipima maji mwezi wa munane. Ile alama ilikuwa pale mbele ya chupa ya kwanza, mbele ya karatasi, mbele niseme neno.

"Saa ya simu yake ilikuwa mubaya," Laura akasema. Lakini aliondoa kidole yake ku tableti haraka, kama mutu amegusa sufuria.

"Tuifute?"

Nikasema: "Hapana. Andika yetu pembeni yake."

Akaandika: *Kisima 27, Kyanga. Maji iko na mercure. Isikunywewe, hata ikichemshwa.* Akauliza aweke jina ya nani. Nikamwambia aweke yangu, yote, na jina ya baba yangu.

Yule mwanamuke wa chupa kule soko nilimuonyesha ile alama mu simu ya Musafiri. Akasoma polepole, mara mbili. Akafunika chupa na kanga. Hakuzitupa. Akafunika tu.

Tarehe 17

Mvua. Kilalo kimekatika. Tumelala Kasongo.

Tarehe 18

Kilalo bado.

Tarehe 19

Bado. Siku kumi na mbili zimekwisha mu zile makumi mbili.

Tarehe 23

Nimefika. Mutoto anacheza tumboni. Rachida aliweka mukono yangu pale, yeye mwenyewe. Nikamuonyesha ile ramani mu simu. Akatafuta kwanza kisima ya kwao, halafu yetu, halafu ya shangazi yake. Ya Kyanga alifungua ya mwisho.

Akauliza: "Nimekunywa tangu mwezi wa ine. Imeandikwa popote ile inafanya nini kwa mutoto?"

"Zéphirin anasema hakuna anayejua kwa huyu. Tungojee."

"Wewe ulikuwa unangoja miaka mitatu," akasema. "Mimi nitangoja miezi mitatu."

Ijumaa, tarehe 25

Nimeandika orodha nzima kwa mukono, mara tano, na majina badala ya namba tu. Moja musikitini, moja kanisani, moja ku santre, moja kwa duka ya Moussa. Ya tano nitasoma pale Kyanga kesho. Sifa alinisaidia kushika karatasi.

Tarehe 26

Walikuya watu wengi kuliko nilidhani, na wageni pia, na wachimbaji sita waliosimama nyuma, mikono kifuani.

Nilianza na uongo. Nikasema: "Mama mwenye nguo nyeupe, mimi nilimubuni." Halafu nikasema sababu. Halafu nikaanza kusoma.

"Ayoubu!" mutu akapaza sauti. "Mwaka ule ulituambia ni muzimu, leo unatuambia ni dawa ya zahabu. Mwaka ujao itakuwa nini? Mamba?"

"Mwache, anatafuta kura!"

"Baba Rachida, na wewe ulikuwa unakunywa wapi hii miaka yote?"

Huyu wa mwisho ni Mama Heri. Hakupaza sauti. Kila mutu akanyamaza juu ya kusikia jibu.

"Namba kumi na ine," nikasema.

Heri alikuwa pembeni yake, anashika kitenge ya mama yake kwa mikono miwili. Mama Heri alitema mate mbele ya miguu yangu. Aliyatema polepole, kama kazi. Nilibaki pale nilipo.

Muchimbaji mumoja akasema nisitaje kazi yao tena, kama ninapenda miguu yangu. Zéphirin akachukua karatasi mukononi mwangu, akaendelea kusoma, na sauti yake ya kusoma majina ya wagonjwa. Hapo kitu kikabadilika. Watu wakaanza kuuliza: "Na ya kwetu? Na ile ya nyuma ya nyumba ya masomo?" Kila mutu alitaka yake. "Muzuri," Zéphirin anajibu. "Muzuri. Ile pia muzuri." Waliokuwa wanacheka wakasogea.

Mwanvua alikuwa amekaa ku jiwe yake. Alingoja mupaka namba 41.

"Baba Rachida, hii karatasi inasema Mama hayuko?"

"Haiseme vile."

"Basi sina ugomvi nayo. Nguo nyeupe ni yako. Mama si yako. Mama alikuwa hapa analia juu ya maji yake, wewe ulisikia, ukaweka mu chuma."

Akasimama. Akaenda ku bomba, akataka kuing'oa watu wasichote tena. Ndipo sote tuliona mikono yake. Yeye ndiye amekunywa kupita wote, kila siku, miaka mitatu, kama mulinzi. Vidole vilikuwa vinacheza kama majani ya mugomba mu upepo, havikuweza kukamata. Akajaribu tena. Hakuna mutu aliyesogea. Nikaenda nikaweka mikono yangu juu ya yake, tukavuta pamoja, bomba ikatoka.

Maji haikusimama. Ikaanza kutoka mahali pengine, chini kidogo, bila sauti. Ninaandika ile niliona: inaanguka ku jiwe, na haina sauti.

Tarehe 30

Karatasi ya musikiti imechanika. Nimeandika ingine.

Tarehe 8, mwezi wa kumi na moja

Wa hapa wameacha, karibu wote. Ku namba kumi na ine sasa kuna mustari, wamama wanagombana, na Sifa anangoja kama wote. Lakini wageni bado wanakuya, hawakusikia. Ninakaa pale Kyanga kila asubuhi juu ya kuwaambia. Leo mwanaume mumoja alipiga magoti mbele yangu, akaniwekea kuku mweupe. Alisema kwao wamesikia kuna muzee anayekaa pale, anayesema na Mama.

Nilimurudishia kuku, nikamusomea karatasi. Alisikiliza kwa heshima. Akaacha kuku.

Tarehe 21

Mvua. Kyanga. Wageni watatu.

Tarehe 3, mwezi wa kumi na mbili

Mvua. Kyanga. Mumoja. Vyura bado hakuna.

Tarehe 19

Rachida amezaa. Mwezi moja mbele ya wakati. Binti, kilo moja na nusu, anapumua. Nilisikia wamama wanalia, nikafikiri amekufa. Kumbe walikuwa wanalia juu anaishi.

Tarehe 27

Zéphirin alipiga makofi karibu na sikio ya mutoto. Kulia, kushoto. Hakushituka. Akaangusha sahani ya bati. Mutoto akaendelea kunyonya. "Bado mudogo," Zéphirin akasema, "tutaangalia tena." Hakutuangalia usoni.

Halafu Sifa akamimina maji mu beseni juu ya kumuosha. Mutoto akageuza kichwa. Polepole, kuelekea ile maji, na akabaki hivyo. Sifa akaacha kumimina.

Tarehe 4, mwezi wa kwanza

Rachida aliniita. Alikuwa amelaza mutoto mapajani.

"Baba, uko na ile ramani mu simu?"

"Niko nayo."

"Andika na hii. Pale pa Kyanga."

Nilielewa, na nikakataa. Nikasema mutoto ni mudogo, pengine atasikia kesho. Nikasema watu watamunyooshea kidole, atakosa bwana. Nikasema mambo ya nyumba inabaki mu nyumba. Nilisema vizuri, maneno ilikuwa inatoka bila kujikwaa, na katikati nikajisikia. Ilikuwa sauti ya yule mukubwa wa muradi.

Nikatoa simu mu mufuko.

"Usiandike jina," Rachida akasema. "Jina yake iko yangu. Lakini ile iliyomupata, iko ya wamama wote."

Nikapanda kule juu ya kanisa na Abedi, muchana, jua kali baada ya mvua. Nikaandika na kidole moja, yeye anasoma pembeni juu nisikose: *Mama mumoja alikunywa hii maji miezi mitano na mimba. Mutoto amezaliwa mbele ya wakati. Hageuke kwa makofi. Imeandikwa kwa ruhusa ya mama yake.* Chini nikatia: *Ayoubu, aliyejua.*

Abedi akauliza kama ile neno ya mwisho ni ya lazima. Nikamwambia ni ya lazima.

Rezo ilikuwa kidogo. Tulisimama pale, simu juu ya kichwa, mikono inachoka, tukapokezana. Ikaenda.